Ukurasa wa Pili wa Makaburi ya Kasolo

Maji ya ziwa yalipoingia mtaani kwa Mama Jeannette hayakubisha hodi. Yalianza chooni, yakahamia jikoni, mwisho yakakaa sebuleni kama mgeni asiyejua kuaga. Watu wa Kalemie wanaoishi karibu na mdomo wa mto Lukuga, huku Kongo, wamekwisha kuyazoea mambo hayo. Miaka hii Ziwa Tanganyika linapanda tu, na anayejifanya mkaidi anaamka godoro linaelea. Mama Jeannette alijifanya mkaidi. Ana miaka sabini na mitatu, miguu imevimba, pumzi fupi, lakini akaapa kwamba hatoki katika nyumba aliyojengewa na marehemu mume wake. Siku ukuta wa nyuma ulipolala chini, akatoka.

Wakampandisha Kasolo, kilima kilicho upande wa juu wa mji. Watu wa ukoo wake, ukoo wa Kaseba, walikuwa wamekwisha kujenga huko nyumba tisa za tofali mbichi, wakiongozwa na Basile, mdogo wake Mama Jeannette, mstaafu wa reli. Basile ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, maana kwao ukoo unafuata tumbo la mama, na mjomba ndiye mkubwa. Mama Jeannette akapewa chumba kimoja chenye dirisha. Humo akalala yeye, binti yake Adolphine, na wajukuu wawili wa kike. Adolphine alikuwa mjane, mwalimu wa historia katika sekondari moja ya mjini. Walibanana, ndiyo, lakini sakafu ilikuwa kavu, na mtu aliyelala miezi mitatu juu ya meza anajua thamani ya sakafu kavu.

Tatizo ni kwamba ukoo wa Mulonde nao ulisema Kasolo ni yao. Wafu wetu wamelala kule juu, walisema, na nyumba zetu pia zimechukuliwa na maji, kwa nini tulale chini ya turubai wakati kilima chetu kinakaliwa na wengine? Basile akajibu kwamba wafu wa kule juu ni wa Kaseba. Makaburi yenyewe hayakuwa na msalaba wala jina, ni mawe tu na vipande vya vyungu. Mzee aliyeshuhudia mazishi hayo hakubaki hata mmoja.

Shauri likafika biro ya ardhi, ofisi ya serikali ya mambo ya viwanja, mezani kwa Thierry, kijana mpole kutoka Kabalo, shati limepigwa pasi hata siku za matope. Akawasikiliza wote kutwa nzima. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha huku, ambamo ndiyo na ndiye ni njo:

"Mimi si muntu wa hapa. Siwezi kujua nani anasema kweli. Muniletee karatasi, karatasi ya zamani, inayoonyesha makaburi ni ya nani. Mwenye makaburi njo mwenye kilima. Mwingine atashuka. Nawapa miezi miwili."

Sasa, ili uelewe balaa lililompata Adolphine, lazima ujue Kaseba na Mulonde ni nini kwa kila mmoja. Ni watani. Na si utani wa kurushiana maneno sokoni tu. Akifa mtu wa Kaseba, Kaseba wenyewe wanalia, basi. Wanaomwosha ni Mulonde, wanaochimba ni Mulonde, wanaomshusha ni Mulonde. Akifa Mulonde, kazi hiyo ni ya Kaseba. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako mchana kweupe akicheka, na wewe unacheka. Anaweza kujilaza ndani ya kaburi la mjomba wako na kukataa kutoka mpaka apewe pombe. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo msiba unavyopungua uzito.

Hata shauri la kilima lilipopamba moto, Papa Éliézer, mkubwa wa Mulonde, hakuacha kupanda Kasolo kila Jumapili baada ya misa kumtukana Mama Jeannette.

"We mwanamuke, haujakufa bado?" angesema akiwa bado mlangoni. "Unanichelewesha. Unataka nichimbe wakati wa mvua?"

"Utatangulia wewe," Mama Jeannette angejibu, akihema kwa kicheko. "Na nitakuosha na maji ya baridi, na muchanga badala ya sabuni."

Adolphine aliwasikia kila Jumapili akiwa jikoni. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa pekee iliyomfanya mama yake akae kitako.

Basile akamwita Adolphine. "Wewe njo ulisoma historia. Tafuta hiyo karatasi."

Hakumwomba, alimtuma. Na Adolphine, nikwambie ukweli, alifurahi. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwafundisha watoto juu ya falme za mbali, na juu ya mlima wanaouona dirishani hakuwa na sentensi moja ya kuwapa. Kwanza alichukua boti mpaka Mpala, akakaa siku nne akifunua madaftari ya ubatizo ya misioni. Alipata majina ya kutosha kujaza mji, lakini makaburi hakuna. Padri mmoja ndiye aliyemwambia kwamba kuna makumbusho huko Ulaya yaliyoweka wazi kwenye mtandao kumbukumbu zao za uchimbaji wa zamani: ramani, michoro ya vyungu, na zile karatasi za maelezo ya kila mahali palipochimbuliwa, ambazo kwetu tunaziita fishi. Mtu yeyote anaruhusiwa kusoma. Haombi kibali, haandiki barua.

Basi kila Jumanne na Ijumaa, jenereta ya shule ikiwashwa, Adolphine aliketi mbele ya kompyuta ya ofisi na kuwinda. Ukurasa mmoja ulichukua robo saa kufunguka. Alijifunza kutafuta kwa jina la mto badala ya jina la kijiji, kwa mwaka badala ya jina la mtu, kwa sababu wale waliochimba walikuwa wanapita tu, na waliandika walichoweza kukishika. Aliona chungu kilichochimbuliwa karibu na Moba. Aliona kipande cha chuma kutoka ng'ambo ya Lukuga. Wiki ya sita, Ijumaa saa nne asubuhi, akaona neno Kasolo limeandikwa kwa mkono juu ya ramani ndogo, na kilima kimechorwa na mkunjo wake wote. Akaweka mkono mdomoni. Alilia kidogo, wala hakuona haya.

Fishi yenyewe ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza, mwaka 1956: kilima Kasolo, makaburi kumi na mawili, vyungu vimetobolewa chini, mawe yamepangwa upande wa ziwa. Na chini kabisa, kwa Kifaransa safi: makaburi ya ukoo wa Kaseba, kwa maelezo ya wenyeji.

Akachapisha hapo hapo. Chumba cha mama yake kimepona. Alitaka kupiga simu, lakini akaona kwanza amalize kusoma, maana mwalimu ni mwalimu. Akafungua ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari sita tu. Ulitaja hali ya hewa, idadi ya vibarua, na jina la aliyetoa maelezo: Kiyombo wa Kaseba, aliyeulizwa pale pale penye makaburi, mtu aliyechimba baadhi yake kwa mikono yake siku za mazishi.

Kiyombo alikuwa mjomba wa Mama Jeannette, Adolphine alimjua kwa hadithi. Mtu wa Kaseba, ndiyo. Na mtu wa Kaseba hachimbi kaburi la Kaseba. Hajapata kuchimba, hatachimba. Kama Kiyombo alichimba, waliolala mle ni Mulonde.

Na kwa nini basi alisema "ni yetu"? Hilo nalo Adolphine alilijua, na mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria msiba wa kwao analijua. Mkiwa juu ya kaburi, wenye msiba wananyamaza. Anayesema ni mchimbaji. Akiulizwa kaburi hili la nani, anajibu la kwetu, ili kifo kipotee njia, kisijue ni nyumba gani kimetoka wala kisirudi kuchukua mwingine. Mgeni aliyeandika fishi aliuliza swali lake pale pale penye mawe. Kiyombo akajibu kama adabu inavyotaka. Mgeni akaandika alichoambiwa. Hakuna aliyesema uongo, na fishi nzima ilikuwa kinyume cha ukweli.

Jioni akampelekea Basile kurasa zote mbili. Basile alikuwa anasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Wa kwanza aliusoma akitabasamu. Wa pili aliusoma, akaurudia, kisha akaukunja mara nne.

"Biro imeomba karatasi moja," alisema.

"Mjomba, wewe unajua maana yake."

"Najua kuna nyumba tisa hapa. Najua kuna watoto ishirini na mbili. Na dada yangu hawezi kutembea toka kitandani mpaka mulangoni." Akamrudishia ule ukurasa uliokunjwa. "Wewe njo mwalimu. Ukitaka, wapelekee yote mbili. Halafu uende mwenyewe umutandikie mama yako chini ya turubai."

Ukitaka ubaya, mpe mtu hiari ya namna hiyo. Angemkataza, Adolphine angekasirika na kupata nguvu. Badala yake alimwachia mlango wazi, na nje ya mlango kuna hema linalovuja na mama mgonjwa ndani yake. Siku tatu hakula vizuri. Alimsikiliza mama yake akipumua, akatazama bati kavu juu ya kichwa, akajiambia kwamba si uongo, ni kupunguza tu. Anayejidanganya hakosi maneno.

Siku ya shauri, biro ilijaa. Thierry akausoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akautafsiri, akautazama kwa nyuma.

"Madame Adolphine, njo yote?"

"Njo yote."

Papa Éliézer akasimama. Hakuwa na hasira. "Adolphine, mutoto wangu, nani aliwaambia wageni hayo?"

"Wenyeji."

"Wenyeji gani? Jina?"

Karatasi ya pili ilikuwa ndani ya mkoba wa Adolphine, imekunjwa mara nne. Aliihisi kwa mkono.

"Haikuandikwa," akasema.

Papa Éliézer akaketi. Muhuri ukapigwa. Adolphine alitia sahihi kama mletaji wa hati. Kule Kasolo walichinja mbuzi. Wanawake wakaimba, Basile akatoa hotuba, na kila mtu akamshika Adolphine mkono akimwita mkombozi. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe, na ukoo mzima ulikuwa umeshika kamba ukiipigia makofi.

Jumatatu darasani alitakiwa kufundisha namna ya kusoma hati za kale. Alianza kusema kwamba hati lazima isomwe yote, na aliyesema ajulikane, akaishia hapo. Akawapa wanafunzi zoezi, akaenda kusimama korido. Toka hapo, popote alipogeuka alikuta ukuta. Akisema kweli, anawatoa watoto ishirini na wawili nje. Akinyamaza, kila Mulonde aliyekutana naye njiani, mwenye viatu vya matope ya hemani, alikuwa analipia uongo wake yeye. Aliacha kupita njia ya sokoni.

Jumapili Papa Éliézer alipanda kama kawaida. Mama Jeannette alikuwa amekwisha kukalishwa, kitambaa kipya kichwani, tusi lake tayari mdomoni. Hakuna aliyekuwa amemweleza zaidi ya kwamba shauri limekwisha vizuri.

Mzee akasimama mlangoni. Akavua kofia.

"Jambo, Mama. Habari ya ugonjwa?"

Mama Jeannette akacheka, akidhani ni mchezo mpya. "Angalia huyu muzee mwenye magoti ya mbuzi. Umekuja kupima urefu wangu?"

"Nimekuja kukuona, Mama. Mungu akusaidie."

"Éliézer. Nimekutukana."

"Nimesikia, Mama. Asante."

Adolphine alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Alitamani sakafu ile kavu ipasuke. Mama yake aliacha kucheka, akamtazama mzee, akamtazama binti yake.

"Nimekukosea nini mpaka unaniheshimu hivi?"

Papa Éliézer akaketi kwenye ukingo wa kiti, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu asiowajua. "Mama, mungechukua kilima mbele ya macho yetu mukicheka, na sisi tungecheka. Mutani anachukua. Tungewatukana miaka kumi, lakini tungecheka. Ninyi mulichukua kwa karatasi. Serikali imesema wafu wa kule ni wenu. Kama wale ni wenu, babu zetu walizikwa wapi? Sisi hatukuchimba kule hata kaburi moja, na kama Kaseba walizika Kaseba, basi hatukuwa watani hata siku moja." Akasimama. "Ukifa, watakuzika watu wako. Mimi nitakuja kukaa kwenye kiti na wageni wengine. Pole sana."

Akavaa kofia, akateremka.

Mama Jeannette hakulia mara moja. Alikaa akitazama mlango. Kisha machozi yakaja yenyewe, bila sauti, na pumzi ikawa fupi zaidi, mpaka Adolphine akampepea kwa daftari la shule. Hapo ndipo Adolphine alipotoa mkobani ile karatasi iliyokunjwa. Hakuweza kuibeba tena. Akapiga magoti, akasoma mistari yote sita, akaitafsiri neno kwa neno, akasema: "Nilikuwa nayo siku ile. Niliulizwa, nikakana. Nilitaka ulale pakavu."

"Soma tena jina."

"Kiyombo wa Kaseba."

"Mjomba Kiyombo," alisema mama yake. "Alikuwa akirudi toka kuzika, anakataa kuingia nyumbani na viatu. Nilikuwa mutoto, njo mimi nilimumwagia maji miguuni. Siku zote ni mufu wa Mulonde. Siku zote." Akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Lete kalamu," akasema. "Na karatasi nzuri, si hiyo ya daftari."

Asubuhi yake Basile alikuwa amesimama kwenye njia ya kuteremkia, mikono nyuma. Nyumba tisa hazina siri.

"Ukishuka na hiyo barua, usipande tena hapa."

"Nimesikia, Mjomba."

"Watoto watalala wapi?"

Sitakudanganya kwamba Adolphine hakuogopa. Akampita mjomba wake kwa ubavu, akikanyaga majani kwa sababu njia ilikuwa nyembamba, akashuka.

Thierry alikuwa peke yake bironi. Akasoma barua, akasoma ukurasa wa pili, akarudi tena kwenye barua. Akavua miwani.

"Madame, hapa unasema ulificha. Unasema ulidanganya biro."

"Njo hivyo."

"Itabidi niandikie shule yako."

"Najua."

"Na hii ya mchimba kaburi, mimi siielewi vizuri, lakini kama Mulonde wanasema vilevile, ninyi mutashuka. Wote." Akageuza barua, akaona chini ya sahihi ya Adolphine sahihi nyingine, herufi kubwa zilizoyumba, wino umevujia pale mkono ulipopumzika. "Huyu Jeannette ni nani?"

"Mama yangu."

"Yule mugonjwa? Si njo anakaa kule juu?"

"Njo yeye alinituma. Anasema kuishi ataishi hata chini ya turubai. Lakini kufa, anataka watu wake wa kumuzika."

Thierry wa Kabalo alimtazama asielewe. "Watu wake gani?"

"Hao wenye kilima," akasema Adolphine.